Marehemu Mwenye Vidole Vinne

Sehemu ya saba

Uliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita usihangaike kumwuliza jirani. Nitakusimulia mwenyewe kwa ufupi, maana aibu ni yangu na afadhali uisikie kwangu.

Mimi ni Emiliana, mtoto wa Litembo, mwandishi wa riwaya iitwayo Nyavu Nchi Kavu. Riwaya hiyo imetafsiriwa kwa lugha ishirini na nane. Nimeisaini mpaka kiganja kikavimba, katika miji ambayo hata leo majina yake yananishinda kutamka. Kuna wanawake wa nchi za baridi waliopanga foleni saa tatu nzima ili waniambie kwamba walilia walipofika ukurasa wa themanini.

Walikuwa wanamlilia shangazi yangu Vitalia bila kujua kwamba ni mtu wa kweli na yu hai.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1993 mume wa shangazi, Meshack, alipotea katika Ziwa Nyasa. Kijijini kwao, mtu akipotea ziwani hakuna mtumbwi unaokwenda kuvua mpaka aonekane. Zikapita siku kumi, nyavu zipo nchi kavu, watoto wanakula mihogo mitupu, na kijiji kizima kinamtazama shangazi kana kwamba amemficha mtu huyo chini ya kitanda.

Siku ya kumi na moja maiti ikaonekana kwenye miamba. Uso haukutambulika, lakini shati lilikuwa la Meshack. Shangazi akaitwa. Akalitazama shati, akafunua mguu wa kushoto, akaona vidole vinne. Meshack alikuwa na vidole vitano. Shangazi akafunika mguu, akasema, "Ni yeye."

Jioni ile nyavu zikarudi majini na watoto wakala samaki.

Miaka kumi na sita baadaye aliniambia siri hiyo huku Litembo, alipokuja kumzika baba yangu. Tulikuwa kwenye kichanja tukichambua kahawa. Akaniapisha kwa msalaba wa rozari yangu, ingawa yeye mwenyewe aliolewa kwa Waanglikana. Nikaapa. Baada ya miaka mitano nikaiandika, tena kwa Kiingereza, lugha niliyoamini haitateremka milima mpaka ziwani.

Nilibadilisha majina. Nilibadilisha ziwa, samaki, kabila na dini. Kitu kimoja tu nilikiacha, nacho ni ule mguu. Msinitetee kwamba nilisahau. Niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri mno kuutupa, na mwandishi akipata kitu kizuri huwa hana shangazi.

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwangu, ambapo mwalimu mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, jina lake Glorious, alisimama na kitabu changu kifuani. Baba yake alipotea ziwani mwezi uleule, mwaka uleule. Mguu wa kushoto wa baba huyo ulikuwa na vidole vinne. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, kaburi liko wapi?"

Sasa sikilizeni nilichomjibu.

"Mwalimu, ile ni hadithi tu. Nilitunga."

Hakukasirika. Alifungua kitabu palepale mlangoni, akanionyesha mstari alioupigia kalamu.

"Umeandika kwamba kidole kidogo hakipo, na kinachofuata kimepinda kuelekea nje, kuziba pengo. Hii hukuitunga, mama. Hii mtu ameiona."

"Watu wengi wana vidole vilivyopinda."

"Baba alijikata kwa shoka akichonga mtumbwi. Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekishika kile kidole mpaka mama aliporudi." Akafunga kitabu. "Mama yangu amefariki akimsubiri. Sitaki mahakama, sitaki kumshtaki mtu. Nataka nimpeleke baba nyumbani."

Nimehojiwa na waandishi wa habari wakali wa kila rangi, na wote niliwapiga chenga. Huyu alinishinda. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chai, nikaenda nyuma ya nyumba kumpigia shangazi simu.

Nilimweleza yote.

"Emi," shangazi akasema. "Wewe uliapa."

"Niliapa, shangazi."

"Nikakuamini, kwa sababu ulikuwa mtoto wa kaka yangu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi wangu niliuchonga kwa miaka miwili na nikauuza kwa lugha ishirini na nane.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Aje kama mgeni wako. Asimame penye kaburi, amwombee baba yake, mambo mengine tutayapanga polepole. Lakini wenyeji wakikuuliza, utasema ulitunga. Nyumba hii ni ya ukoo wao, Emi. Shamba ni lao. Nimekaa hapa miaka thelathini na moja kwa sababu mimi ni mjane wa Meshack. Kama pale hayupo Meshack, mimi ni nani? Na Hilda hajui."

Hilda ni binti yake wa pekee. Baba alipopotea alikuwa na miaka minne. Ni yeye aliyepanda maua kuzunguka lile kaburi na ni yeye anayeyamwagilia.

"Utasema ulitunga," shangazi akarudia.

"Nitasema."

"Apa."

Nikaapa kwa mara ya pili, kwa mdomo uleule.

*

Jumamosi asubuhi tuliondoka na gari langu. Glorious alikaa kimya kando yangu, kitabu mapajani, mfuko mtupu wa turubai miguuni. Nilijua ule mfuko ni wa kazi gani, kwa hiyo macho yangu yalibaki barabarani.

Tulipopita Kingerikiti simu ikaita. Alikuwa wakala wangu, yule anayeuza vitabu vyangu ughaibuni. Siku mbili kabla, kwa kiherehere changu, nilimwandikia kwamba mtoto wa marehemu amejitokeza. Nilitaka ushauri. Yeye alisikia noti zikichezacheza.

"Emiliana, hii ni habari kubwa kuliko kitabu chenyewe," akasema. "Watu wa filamu nimeshawaambia. Kaburi lenyewe lipo kweli? Piga picha. Mpige na yule mwanamke, amesimama pembeni."

"Yule mwanamke ni shangazi yangu."

"Vizuri zaidi. Wasomaji wako watafurahi kujua ni kweli tupu. Tutatoa toleo jipya, picha mbele."

"Na yeye atafukuzwa kwake."

"Kwa nini afukuzwe? Dunia nzima inampenda."

Nilimkatia simu. Dunia nzima inampenda shangazi, lakini si dunia nzima inayomiliki ile nyumba anayolala.

Glorious alikuwa amesikia sauti yangu tu, lakini mwalimu ni mwalimu, alielewa somo.

"Mama, mimi sitaki kumharibia," akasema. "Kama kuna namna ya kumchukua baba bila mtu kuumia, niambie."

"Ipo namna ya kumwombea leo na kuondoka. Yaliyobaki baadaye."

"Baadaye ya lini?"

Akatazama saa yake.

"Boti yangu inakuja kunichukua saa kumi, palepale kijijini. Mzee aliyenilea ndiye aliyenivusha wiki iliyopita. Aliniacha ufukweni Mbamba Bay, yeye hakushuka hata kunyoosha miguu, akageuza. Nimemwelekeza kwa simu anifuate kule tunakokwenda." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuonane. "Nilipomtajia jina la kijiji hakuuliza njia."

Nililisikia neno hilo, nikaliacha lipite. Akili yangu ilikuwa kwa shangazi.

*

Jina la kijiji sitaliandika. Nimeshaandika mengi ya kutosha.

Tulipokata kona ya mwisho nikakanyaga breki. Mitumbwi yote ilikuwa imepinduliwa kifudifudi mchangani. Yote, hata boti mbili za kubebea abiria. Vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wetu wa huku, vilikuwa vitupu kama siku ya kwanza vilipojengwa.

"Leo ni sikukuu?" Glorious akauliza.

Haikuwa sikukuu. Mimi ni mtu wa milimani, kuogelea sijui, na watu wa ziwani hunitania kwamba nikiona maji yamezidi ndoo naanza kusali. Lakini mila hii niliijua vizuri kuliko wao. Nilikuwa nimeiuza.

Mitumbwi ikipinduliwa hivyo, kuna mtu wa kijiji amepotea majini na hajaonekana. Nikajiuliza ni nani. Jibu lilinijia kabla sijamaliza kujiuliza, nikatamani nigeuze gari.

Hilda alitoka mbio kutupokea, kanga begani, mikono yote miwili mbele. Anayo ile furaha ya mama yake ya zamani, kabla ya yote.

"Dada Emi! Karibuni. Mgeni, karibu sana." Akaninong'oneza huku akinipokea mfuko, "Kitabu chako kimefika cha Kiswahili, unajua? Namsomea baba mkubwa kila alasiri, macho yake hayaoni tena maandishi. Jana tulifika pale mke anapofunua mguu wa maiti. Baba mkubwa akasema, funga kitabu. Akatoka nje, akaamuru mitumbwi ipinduliwe. Tunamwuliza nani kapotea, hasemi. Umemtisha mzee wa watu na hadithi zako."

Alicheka. Mimi nilijikaza kisabuni, nikacheka naye.

Baba mkubwa ni Mzee Victor, kaka mkubwa wa Meshack na mkuu wa ukoo. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha mbao, fimbo katikati ya magoti. Shangazi alikaa kwenye mkeka hatua chache kutoka kwake, anapembua maharage ambayo niliona wazi yameshapembuliwa. Nyuma yao, chini ya maua ya Hilda, lilikuwepo kaburi. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye msalaba wake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huyo uliyekuja naye ni nani?"

"Mgeni wangu. Ni mwalimu, anatoka ng'ambo."

"Ng'ambo," Mzee Victor akarudia. "Mwalimu, karibu ukae. Hilda, lete kiti. Na wewe ukae pia, uache mambo ya chai."

Tukakaa. Hakuna aliyezungumza habari za safari wala mvua wala kahawa. Kwetu Umatengo mambo ya ukoo husubiri watu wale kwanza. Mzee Victor hakusubiri hata maji.

"Emiliana. Nasikia huko Ulaya wanakuuliza maswali na unawajibu vizuri sana."

"Wananiuliza, baba mkubwa."

"Basi nijibu na mimi kama unavyowajibu wao. Kitabu hiki anachonisomea Hilda ni mambo ya kweli au umetunga?"

Nilimtazama shangazi. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Hakuinua uso, lakini niliona shingo yake, na shingo ile ilikuwa inaniomba.

Nilimtazama Glorious. Alikuwa ameukunja mfuko wake mdogo kabisa na kuufunika kwa viganja.

Mmoja wao nilipaswa kumnyang'anya kitu siku ile. Ama nyumba, ama baba.

"Nimetunga, baba mkubwa."

"Chote?"

"Chote."

"Na mke aliyesema ni yeye, huku akijua siye?"

"Nimetunga."

"Na vidole vinne?"

Glorious aliinamisha kichwa. Nilimwona akiinamisha, na nikaendelea.

"Na vidole nimetunga."

Shangazi akaanza tena kupembua. Nikashusha pumzi. Nilijiambia nimeokoa mtu, na kwa yule mwingine nitatafuta namna. Nilidanganya mbele ya mtoto wa marehemu, hatua kumi kutoka kwa marehemu mwenyewe, na kwa dakika nzima nilijiona mtu mwema. Ndiyo maana nayaandika haya.

Mzee Victor alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Una bahati basi," akasema. "Umetunga kitu nilichokishika kwa mikono yangu."

Ungo ukasimama.

"Tulikuwa wanne tulioibeba ile maiti kutoka kwenye miamba," mzee akaendelea. "Watatu wamekwisha kufa. Mimi nilishika miguu. Nilivihesabu vile vidole mara ya kwanza, nikasema ni macho. Nikavihesabu mara ya pili. Tukamlaza, tukamwita Vitalia, nami nikasubiri aseme siye. Akasema ni yeye."

Hilda alikuwa ameinuka kuondoa kikombe cha mzee, akabaki nacho mkononi, mdomo wazi.

"Wanangu walikuwa hawajala samaki siku kumi na moja. Na wa kwake pia. Nikaona huyu mwanamke ameamua kutulisha, mimi ni nani nimkatalie? Nikanyamaza. Tangu siku hiyo kila Pasaka nakuja hapa namsalimia mdogo wangu, na najua mdogo wangu hayupo."

"Shemeji," shangazi akasema. Sikuwahi kuisikia sauti ile. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii."

"Yote, mama."

"Nimekaa hapa nikiogopa macho yako kila asubuhi. Ukikohoa naogopa. Ukiniita naogopa. Kumbe unajua, na ukaniacha nibebe peke yangu?"

Mzee Victor alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Nilidhani nikisema nitakufukuzisha," akasema.

"Nami nilidhani ukijua utanifukuza."

Kama ningeandika hivyo kitabuni, mhariri wangu angeniambia nimezidisha. Watu wawili, nyumba mbili zinazotazamana, siri moja, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kumtesa.

Kikombe kikaanguka. Tulikuwa tumemsahau Hilda.

"Mama." Alisema kwa utulivu uliotisha kuliko kilio. "Mimi nimekuwa nikimwagilia maua ya nani?"

Glorious ndiye aliyesimama. Alikwenda mbele ya Hilda, akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Ya baba yangu, dada," akasema. "Asante."

Hilda alimtazama, akalitazama kaburi, akaketi chini palepale vumbini na kujifunika uso kwa kanga. Mimi nililia. Sikulia kiungwana kama wale wa ukurasa wa themanini, nililia kwa kamasi, kwa sababu dakika tano zilizopita nilikuwa nimemkana baba wa mtu huyu aliyeweza kusema asante.

"Mwalimu," Mzee Victor akasema, "lile jembe pale ni lako. Tutamwita mchungaji na mwenyekiti wa kijiji, taratibu za serikali zifuatwe, halafu mwenye mtu wake amchukue mtu wake. Na wewe Vitalia, nyumba ni yako. Atakayesema vinginevyo aje aniulize mimi."

Mngedhani mambo yameisha. Nami nilidhani hivyo. Nilikuwa tayari nainuka kumkumbatia shangazi.

"Kaa," mzee akaniambia. "Sijamaliza. Mitumbwi sikuipindua kwa ajili ya huyu aliyelala hapa. Huyu amepatikana. Nimeipindua kwa ajili ya yule ambaye hajapatikana. Emiliana, ndugu yangu Meshack yuko wapi?"

"Mimi, baba mkubwa?"

"Mwanzo wa kitabu umeandika kwamba alizama na nanga imemfunga mguuni. Umelijuaje?"

"Hapo ndipo nilipotunga kweli."

Basi tukabaki hivyo. Kila nilichosema ni uongo kilikuwa kweli, na ile habari moja waliyotaka iwe kweli, nilikuwa nimeibuni kitandani katika hoteli ya watu.

Shangazi alisukuma ungo pembeni. Alikuwa anamtazama Glorious, tena kwa makini, kama anayesoma.

"Mwalimu, lile shati lilikuwa la mume wangu," akasema. "Mwili ulikuwa wa baba yako. Nimejiuliza miaka yote walikutana wapi. Wewe kitabu hiki ulikipata wapi?"

"Nilipewa, mama."

"Na nani?"

"Mzee aliyenilea. Baba alipopotea, mzee huyo alikuja kijijini kwetu, akapanga karibu nasi, akatusaidia mpaka nikamaliza shule. Ni fundi cherehani. Alisikia redioni wanakizungumzia kitabu na ule mguu wa vidole vinne, namna dunia inavyokipenda, akasafiri mpaka mjini kukitafuta. Kiingereza hajui. Alinipa akasema, soma habari za mguu, kisha uende kumtafuta aliyeandika."

"Fundi cherehani," shangazi akasema. "Anashona kwa uzi gani?"

"Uzi wa kawaida, mama. Ila viraka." Glorious akatabasamu bila kujua anachotabasamia. "Viraka anatia kwa uzi wa nyavu. Watu wanamcheka. Anasema shati litaoza, kiraka kitabaki."

Shangazi aliweka kiganja kwenye kiwiko chake cha kulia na kukikandamiza.

Shati la maiti lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko cha kulia. Meshack alikitia mwenyewe, kwa uzi wa nyavu, akimtania mkewe kwamba shati litaoza kiraka kitabaki. Shangazi aliniambia hilo pia siku ile ya kahawa. Na hilo, wasomaji wangu, halimo kitabuni. Kitabuni nilisema ni uzi wa pamba wa njano. Hakuna mtu duniani, kwa lugha yoyote, aliyeweza kulisoma.

Glorious alitutazama mmoja baada ya mwingine. Niliona anavyoelewa, polepole, kama mtoto anayejumlisha kwa vidole. Shati la Meshack. Mwili wa baba yake. Na yule mzee mgeni aliyekuja kuwalea baba alipokwisha kupotea.

"Hapana," akasema. "Alinilea yeye. Alimzika mama yangu."

Hapo ndipo tuliposikia injini.

Hakuna mtumbwi wa kijiji uliokuwa majini siku ile, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuulizana. Saa yangu ilisema saa kumi kasoro dakika sita. Boti ilikuwa inakuja moja kwa moja, bila kusitasita penye miamba iliyojificha, kama boti ya mtu aliyezaliwa pale.

Glorious aliisikiliza, kichwa pembeni. Kila injini ina sauti yake, na ile aliijua.

"Ni yeye," akasema.

Shangazi alisimama. Miaka sitini na minane, na alisimama bila kushika chochote. Alijifunga kanga upya kiunoni.

"Asiguswe," akasema. "Shemeji, unanisikia? Hilda? Mtu yeyote asimguse mpaka aniambie mimi, kwa mdomo wake, lile shati alimvisha mtu aliye hai au maiti."

Mzee Victor alikuwa anapapasa kutafuta fimbo yake. Hilda alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kanga, macho mekundu, anatazama maji. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa mara ya kwanza mahali pengine mbali na kaburi.

Injini ikazimwa. Nikasikia mchanga ukikwaruza chini ya boti.

Nikageuka kumshika Glorious mkono. Kiti chake kilikuwa kitupu, kitabu changu kimeanguka chini, na kwenye msalaba halikuwepo tena jembe.